Kikombe Chenye Ua Jekundu

Mama mdogo alianza kuanguka miaka miwili baada ya ajali ya bodaboda. Kliniki walimpa dawa za kifafa, akazimeza bila kukosa, na kuanguka kukapungua, kisha kukakoma. Sisi nyumbani tukashukuru tukidhani yamekwisha. Hatukuona kwamba mwenyewe alikuwa bado ameketi kwenye mkeka uleule, nyuma ya nyumba, mbali na jiko.

Aliyeona ni muuguzi wa afya ya akili. Hakumuuliza ameanguka mara ngapi, maana hilo lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari. Alimuuliza, "Mama, tangu uanze kuanguka, umeacha nini?" Kisha akanyamaza. Nilikuwa nimemsindikiza mama mdogo, nikataka kumjibia, muuguzi akanizuia kwa kiganja. Kimya kikawa kirefu hata nikaona aibu. Ndipo mama mdogo akaanza kuhesabu kwa vidole: kusonga ugali, kuteka maji mtoni, kubeba mjukuu, kwaya. Alipofika kwenye kwaya sauti ikamkwama.

Nimeona mafundi wengi, wa kushona, wa kuchonga milango, wa kuunda mashua. Sijaona mkono uliotulia kuliko kile kiganja.

Sidharau dawa. Fenobabitoni imekuwa ikituliza kifafa tangu 1912, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu milioni 50 hivi wanaoishi na ugonjwa huu, hadi asilimia 70 wangeweza kukaa bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Lakini kuanguka ni jambo la dakika chache, na kungoja kuanguka ni jambo la mchana na usiku. Hofu hiyo haimezewi kidonge. Inaweza kumwacha mtu na sonona hata pale ubongo umetulia, na muuguzi yule alilijua hilo, kwa kuwa aliuliza pia, bila kushusha sauti, "Kuna siku umewaza ni heri usiwepo?" Mama mdogo alijibu ndiyo. Miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikutana na hofu kama hiyo huko Mahenge, Ulanga, alipoanzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa sababu watu waliogopa kumgusa aliyeangukia jikoni: waliamini mate na povu lake vinaambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Daktari huyo aligawa dawa, na pia alikaa akawasikiliza Wapogoro wa huko wakimweleza wanavyouelewa ugonjwa wao. Mwaka 1965 akachapisha utafiti juu ya ugonjwa huo. Nampenda kwa kule kukaa.

Kwetu hakuna aliyeachwa motoni. Tulikuwa na kikombe cha mama mdogo tu, cheupe, chenye ua jekundu, kilichotundikwa peke yake. Na sahani yake. Tulijiambia ni heshima kwa mgonjwa.

Muuguzi alikuja nyumbani mara tatu. Mara ya kwanza alishughulika na jiko: mafiga yakaachwa, likajengwa jiko la udongo la kimo cha kiuno, lenye kingo, na wakakubaliana kwamba mama mdogo atapika wakati kuna mtu karibu. Mara ya pili aliwafundisha watoto kumlaza kiubavu, kumwekea nguo laini chini ya kichwa, kutazama saa na kutomtia kijiko mdomoni. Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyeshika vizuri kuliko wote, na tangu siku ile mjukuu akabebwa tena, bibi akiwa ameketi mkekani na yule wa miaka tisa pembeni yake.

Mara ya tatu ilikuwa mchana, ugali umeiva. Mgeni akatengewa sahani yake. Akanawa, akaisogeza kando, akaketi mkekani kwa mama mdogo na kumega kwenye sahani ya mgonjwa, akichovya mchicha na kuulizia habari za kwaya, wanaimba sauti ngapi, nani anashika ya pili. Baada ya tonge la tatu au la nne akaomba maji. Mjomba akasimama, akatazama kabatini, akatazama ukutani, akatungua kikombe chenye ua jekundu, akakijaza na kumpa. Muuguzi akanywa, akakibakiza nusu, akampitishia mjomba.

Mjomba akanywa.