Februari ya Ndoa, Julai ya Fedha

Mwaka 2009 mwandishi wa Marekani, Gretchen Rubin, alitoa kitabu kiitwacho The Happiness Project. Anasimulia mwaka mmoja alioishi New York kwa mpango: kila mwezi aliupa somo lake. Januari ilikuwa ya uchangamfu wa mwili, Februari ya ndoa, Aprili ya watoto, Juni ya marafiki, Julai ya fedha, hadi Desemba alipojaribu kuyashika yote pamoja. Kila somo aliligawa katika maazimio madogo, akayawekea alama katika jedwali. Njia hiyo aliiazima kwa Benjamin Franklin, ambaye katika karne ya 18 alijipangia maadili 13, kila moja kwa juma lake, na kuyarudia mara nne kwa mwaka.

Hapana shaka kitabu kina faida. Hakimwambii msomaji aiache nyumba yake akatafute furaha ya mbali. Kinamwambia aanze na kabati la nguo, usingizi, na maneno anayomwambia mwenzake. Azimio dogo linalotimizwa ni bora kuliko nadhiri kubwa ya Mwaka Mpya inayosahauliwa kabla ya Pasaka.

Walakini, hebu tukisome hapa Chato. Pamba yetu hupandwa kuanzia Novemba, hupaliliwa wakati wa mvua, na ifikapo Julai fedha zimeanza kuonekana. Kwa hiyo Julai ya fedha yatufaa. Rubin anauliza fedha itumiweje ili ilete furaha. Hapa swali la kwanza ni nani atakayeishika. Aliyeinama shambani na jembe, katika nyumba nyingi, ni mke pamoja na watoto. Jina lililo kwenye daftari la chama cha msingi mara nyingi ni la mume. Basi mume akiizingatia ndoa mwezi Februari, akawa mpole na msikivu, kisha Julai akahesabu noti peke yake, atakuwa amesoma masomo mawili na hakufaulu hata moja. Ndoa ya mkulima hupimwa Julai, na fedha yake huanzia kwenye palizi.

Ni kweli Rubin hakuyatupa maazimio ya miezi iliyopita. Aliendelea nayo huku akiongeza mapya. Lakini kuongeza si kuunganisha. Mpango wake huyatenga mambo ambayo maisha yameyafunga kwa kamba moja.

Tena, jedwali la mtu mmoja hulegea pamoja naye. Taifa letu nalo liliwahi kuishi kwa somo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana kwa majuma 12. Baada ya mazungumzo walishika majembe wakachimba vyoo. Somo lile lilikuwa na kazi inayoonekana, na majirani wa kuiona.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiukatae mpango wa mwezi kwa mwezi, ila uurekebishe. Chagua somo, lipe kazi ya mikono, na umwite yule ambaye litamgusa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari hilo lifunguliwe Novemba, kabla ya mbegu kuingia ardhini, na lisomwe na watu wawili.