Sianidi ya Muhogo na Siku Tatu za Majini

Huko Namoya, katika Kabambare, ambako kampuni ya Banro ilitangaza mwaka 2016 kuwa machimbo yake yameanza uzalishaji wa kibiashara, dhahabu ilitolewa katika mawe yaliyosagwa kwa maji yaliyotiwa sianidi. Na katika nyumba za vijiji vya kusini mwa mkoa huo huo wa Maniema, akina mama hutumia maji kuitoa sumu iyo hiyo katika muhogo mchungu, wala hakuna anayetishika. Hata wapiga mbizi wa Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wameinyunyiza miambani ili kuwalewesha samaki wa rangi wanaouzwa kwa wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi. Sumu ni moja. Hukumu yake hutegemea kadiri, sura na muda.

Kadiri hiyo hupimwa kwa miligramu katika lita, na macho hayana ushahidi wowote hapa, kwa kuwa maji yenye sianidi yaweza kuwa maangavu kama ya chemchemi. Kanuni ya kimataifa ya migodi hutaka bwawa lililo wazi kwa ndege na wanyama lisizidi miligramu 50 kwa lita. Maji yanayomwagwa mtoni yasizidi 0.5, na kule mtoni, baada ya kuchanganyika, sianidi iliyo huru isizidi 0.022, maana samaki wengi hufa hata kabla ya kufika 0.2. Fauka ya hayo, mgodi hutia chokaa ili maji yasipoteze ukali wake wa alkali, kwani ukali ukipungua sianidi hugeuka kuwa gesi na kupaa, jambo ambalo mgodini ni khatari na hasara, ilhali jikoni ndilo lenye kutakiwa.

Muhogo haubebi sianidi iliyo uchi. Ndani ya chembe zake mna linamarini, na kimeng'enya chenye kuivunja kimetengwa mahali pengine, hata mzizi unapopondeka au kulainika ndipo viwili hivyo hukutana. Muhogo uliomenywa ukaroweshwa siku tatu huvamiwa na vijidudu vya uchachu, nyama yake ikalegea, kimeng'enya kikafanya kazi, na sehemu kubwa ya sumu ikatoka. Walakini uchachu huo huo huizuia sehemu iliyovunjika nusu isimalizike kuvunjika, nayo hubaki ikingoja kuanikwa juani. Kwa hiyo kuanika si kwa ajili ya kuhifadhi tu, bali ni nusu ya pili ya dawa. Ama yule anayedhani kuwa moto utafidia siku alizozipunguza, amekosea pakubwa: maji yakichemka, kimeng'enya hufa kwanza, na linamarini husalia salama salimini katika chakula, mpaka vijidudu vya utumbo viivunje tumboni mwa mlaji.

Taksiri hii ya kupunguza siku ina ushahidi wake nchini mwetu Kongo. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu kwa ghafula na usiorudi nyuma, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 katika Kwango. Na katika miaka ya 1980 ulizuka tena Bandundu, pale barabara na soko la Kinshasa vilipowafanya wauzaji kufupisha kurowesha hata ikawa siku moja, ilhali walaji walikosa samaki na nyama, ambavyo huupa mwili salfa ya kuigeuza sianidi isidhuru. Kikomo cha sianidi kilichowekwa na FAO na WHO ni miligramu 10 katika kilo ya unga.

Kwa wenye unga wa mashaka, Howard Bradbury wa Australia alionyesha njia nyepesi mno: unga hutiwa maji, hutandazwa tabaka jembamba, huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, na gesi hutoka yenyewe. Basi anayeuza unga sokoni Kasongo asipunguze siku za maji, na anayenunua aulize muhogo uliroweshwa siku ngapi; akikosa jawabu, autandaze unga wake kama ilivyoelezwa, kisha aupike bugali siku ile ile, kwani unga uliotiwa maji haulali.