Tabaka la Kijivu Ndani ya Jiko

Mwenye kulitazama jiko la makaa la Kenya, lile lenye kiuno chembamba na kinywa kilichopanuka, aghalabu husifu bati lake lililopakwa rangi, au bakuli la udongo wa kuoka lililoketi ndani yake, ilhali siri yake kubwa imefichwa baina ya hivyo viwili, katika uji wa kijivu unaometameta chembe za rangi ya dhahabu, ambao fundi huupaka kwa mwiko kisha bakuli likaufunika, wala mnunuzi asiuone tena.

Jiko hili lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, likichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand na kuukutanisha na jiko la bati la kienyeji. Taabu ya awali ilikuwa nyufa, kwa sababu udongo na chuma havitanuki kwa kadiri moja vipatapo moto. Ndipo bakuli likafanywa la nusu ya juu tu, likashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini ambayo yakichomwa hufura na kubana hewa katika kurasa zake.

Sasa tuhesabu. Chuma hupitisha joto wati 50 hivi kwa mita kwa kila digrii, udongo wa kuoka yapata 0.8, na ule uji uliokauka, tuseme 0.1. Tukichukua udongo wa milimita 25 na uji wa milimita 10, mwanafunzi mwenye haraka atapima wastani kwa unene, apate 0.6, na atakuwa amekosea. Kwani joto halichagui njia, bali hulazimika kuyapita matabaka yote moja baada ya jingine, na kinachojumlishwa ni ukinzani, yaani unene ukigawanywa kwa upitishaji. Ukinzani wa udongo ni 0.031, wa uji ni 0.1, jumla 0.131, kwa hiyo upitishaji wa ukuta mzima ni 0.27 tu, na tabaka jembamba ndilo lililofanya robo tatu ya kazi. Bati la milimita 1 lina ukinzani wa 0.00002, ambao ni kama haupo: katika jiko la bati tupu, joto huzuiwa na ngozi ya hewa iliyoligusa basi, na bati likiwa jekundu huunguza hata miguu ya mpishi kwa mnururisho.

Hesabu hiyo, lakini, ni ya ukuta ulionyooka, nalo jiko ni duara. Kadiri joto linavyokwenda nje ndivyo njia inavyopanuka, na tabaka la nje hupungukiwa na nguvu: ikiwa nusu kipenyo cha ndani ni sentimita 10, uji wetu hupoteza karibu robo ya ukinzani wake, na udongo takriban sehemu moja ya kumi. Hata hivyo uji hubaki mbele kwa mbali.

Sikatai kwamba udongo, kwa uzito wake, hunywa joto jingi kabla ya kuanza kulihifadhi. Kwa kikombe kimoja cha chai jiko la bati halina aibu. Kwa sufuria ya maharage ni habari nyingine. Basi, msomaji, uendapo sokoni, usiligonge bakuli kwa kidole ukaridhika na mlio wake. Muulize fundi amejaza nini nyuma yake, na akikujibu kwamba ni saruji tupu, omba apunguze bei.