Mchanganyiko, Kufungasha au Kufumbata? Uhakiki wa Istilahi Tatu za Sayansi ya Chakula

Makala haya yanahakiki istilahi zinazomkabili mwandishi wa Kiswahili anapoeleza jinsi viambato vya mimea vinavyohifadhiwa ndani ya matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika majini. Mfano wetu ni mawese ya Rumonge. Wekundu wake hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini haiyeyuki majini, na huharibiwa na mwanga, hewa na joto kali. Mpishi anayeyachemsha mawese hadi yapoteze wekundu huipoteza pia. Ndiyo maana wanasayansi huihifadhi katika matone yenye utando, mathalani wa protini za maziwa.

Istilahi ya kwanza ni "mchanganyiko". Inafaa kwa chumvi na maji, lakini hapa inaficha kiini cha jambo: tone hubaki tone, na utando hulizuia lisiungane na jirani yake. "Emalsheni" ni bora, mradi ifafanuliwe kwa tui la nazi, ambalo likiachwa hujitenga.

Ya pili ni "kiambato hai". Karotini haina uhai. Kinachokusudiwa ni kwamba hutenda kazi mwilini. "Kiambato amilifu" kinatosha.

Ya tatu, yenye athari kubwa zaidi, ni "kufungasha". Msomaji wa lebo ataelewa chupa au karatasi. Tunapendekeza "kufumbata". Kiganja kilichofumbata kitu hukilinda, kisha hufumbuliwa. Ndivyo tone linavyopaswa kukilinda kiambato njiani na kukiachia tumboni.

Yapo mashaka kwamba "kufumbata" ni neno la kawaida mno kwa maabara. Hilo twaliona kuwa sifa. Mtafiti wa Bujumbura huandika kwa Kifaransa, ilhali mnunuzi wa Buyenzi huuliza bei kwa Kiswahili; istilahi isiyowakutanisha haijakamilisha kazi yake.

Hata hivyo, istilahi sahihi yaweza nayo kutumiwa vibaya. "Kimefumbatwa" hueleza jinsi kiambato kilivyohifadhiwa. Hakuthibitishi kwamba kimefyonzwa, sembuse kwamba kimeponya. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, viwango vya vyakula na lugha ya lebo ni suala la kikanda. Washauri wa sera wadai mambo matatu yatajwe kwa maneno matatu: uthabiti, ufyonzwaji na manufaa. Yakiunganishwa katika neno moja la kuvutia, mzazi atalipia ahadi ambayo hakuna aliyeipima.