Rundo la Mawe Lisikudanganye: Namna ya Kuipima Kazi ya Kusafisha Bustani ya Maua

Kibarua akimaliza kutoa mawe bustanini, hukuonyesha vitu viwili: rundo kubwa la mawe kando, na udongo uliopigwa reki ukalala laini. Vyote viwili vyaweza kukuhadaa. Rundo linaweza kuwa la mawe ya juujuu tu, na reki huficha mengi. Kazi safi hujulikana kwa kilichobaki chini ya udongo.

Huku kwetu, sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira ina udongo mwekundu wenye kina kirefu, na mtu huweza kuchimba shimo refu asikutane na jiwe. Taabu iko kwenye miinuko kama ya Manga, na katika viwanja vya nyumba mpya mjini, ambako wajenzi huacha kokoto, vipande vya matofali na saruji iliyoganda.

Kina. Chukua kipande chembamba cha nondo, ukichomeke hapa na pale, hasa pembeni, ambako kibarua aliyechoka hulegeza mkono. Mawaridi yanataka kama sentimita 45 zilizo wazi. Maua ya msimu yanatosheka na 25. Sikiliza pia. Kwenye jiwe, nondo hugota ghafla na kutoa mlio mkavu. Ikikwama polepole bila mlio, hapo udongo umeshindiliwa: aliyefanya kazi aliukanyaga ungali umelowa.

Ukubwa. Mawe yanayofikia ngumi yote yatoke. Yaliyo kama punje ya mahindi yaache, kwa kuwa huyasaidia maji kupenya. Anayechekecha bustani nzima hadi iwe unga amejichosha na kukuharibia. Mvua ya huku hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na ikiupiga udongo wa namna hiyo, juu hufanyika gamba linalozuia maji na miche.

Aina. Jiwe la asili huziba njia ya mizizi tu, lakini kipande cha saruji hubadili udongo wenyewe. Udongo wetu una asidi, ndiyo maana chai hustawi Nyamira. Chokaa iliyomo kwenye saruji huipunguza asidi hiyo kidogo kidogo, na haidranja uliyoipandia rangi ya buluu huanza kutoa maua ya pinki. Kwa hiyo chimbua konzi moja ya udongo, uisuuze kwa maji. Ukiona vipande vya kijivu vyenye mchanga ulioshikamana, kazi haijaisha, hata viwe vidogo namna gani.

Mpangilio wa udongo. Fundi hodari hutenga mafungu mawili, udongo wa juu wenye rutuba na ule mwekundu wa chini, kisha huyarudisha kwa utaratibu uleule. Ukikuta mabonge mekundu yametanda juu, ujue rutuba imezikwa. Tazama pia kama ameziba pengo lililoachwa na mawe kwa mboji au samadi iliyooza. Asipofanya hivyo, tuta litadidimia na maji yatatuama kwenye mizizi.

Mawe yamekwenda wapi? Kwenye mteremko, mawe ni mali. Yapangwe mstari unaoukingama mteremko, makubwa yakizikwa nusu, yauzuie udongo usiteremke na mvua. Aliyeyatupa kwenye mtaro au mpakani mwa jirani amekuachia kesi. Kama unakaa upande wa Tabaka, mawe yale ya kuchongea vinyago yanapendeza kwenye ukingo wa tuta, ila usiyafanye ngazi: ni laini kiasi cha kukwaruzika kwa kucha, na hulika upesi kwa nyayo.

Mwisho, patana malipo kabla jembe halijaingia, na sehemu ya fedha isubiri mvua kubwa ya kwanza. Mvua huosha udongo mwepesi na kufichua kilichofunikwa. Zikitokeza kokoto chache, mlipe fundi chake na umshukuru. Yakitokeza mawe ya ngumi, arudi na jembe la meno kabla hujapanda mche hata mmoja.