Mtafiti Nyanjani: Je, Mwenyeji Hana Upendeleo?

Mtahiniwa, ukiulizwa matatizo ya utafiti nyanjani, usiishie kutaja gharama, mvua na ubovu wa barabara. Mchunguze mtafiti mwenyewe. Chukua mfano wa Jomo Kenyatta, aliyeandika Facing Mount Kenya (1938) kuhusu jamii yake ya Wagikuyu. Malezi yalimpa lugha na ujuzi wa mila kutoka ndani. Malezi hayo hayo yalimfanya mtetezi: tohara ya wasichana, iliyopingwa vikali na wamishonari, aliieleza huku akiikingia kifua. Hivyo, uenyeji humfungulia mtafiti mlango, lakini haumwondolei upendeleo. Nawe ukikusanya ngano kwa nyanya yako, andika katika ripoti umri wako, jinsia yako na uhusiano wenu. Hayo huamua atakalokusimulia na atakalokuficha.