Matamshi, Umri na Vina: Mfano wa Songea

Wako wahakiki washikao kwamba matamshi ya mtu hufungwa utotoni: aliyelelewa Songea katika Kingoni atakitamka Kiswahili kwa namna moja hadi kufa kwake. Rai hii ina chembe ya ukweli, lakini haitoshi kuwa kipimo cha ushairi.

Historia ya Songea yenyewe yaipinga. Watu wa Zwangendaba walipovuka mto Zambezi mwaka 1835 walikuwa na lugha iliyo jamii moja na Kizulu, yenye vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi. Wale waliokuja kukaa Songea walioa katika makabila waliyoyatawala, na watoto wakashika usemi wa mama zao. Vidoko vikatoweka.

Lililotokea kwa kabila hutokea, kwa kadiri ndogo, katika kinywa kimoja. Kingoni hakina *th*, *dh* wala *gh*. Kwa hiyo mtoto aanzaye Kiswahili aghalabu husema *samani* akikusudia *thamani*. Shule humrekebisha, kazi ya miaka mingi pwani humlainisha zaidi, na uzeeni, arudipo kwao, huenda sauti za kwanza zikamrudia. Wala mabadiliko ya ukubwani si ya watu wa lugha mbili tu. Hotuba za Krismasi za Malkia Elizabeth II za miaka ya 1950 zilipolinganishwa na za miaka ya 1980, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, irabu zake zilionekana kusogea kuelekea usemi wa raia wa kawaida wa kusini mwa Uingereza.

Basi na tumfikirie kijana wa Songea atungaye shairi, akapatanisha *fedha* na *pweza*. Kinywani mwake ni *feza*, na kina kimetimia. Mhakiki ausomaye ukurasa humhukumu kuwa hajui vina. Miaka arobaini baadaye, ulimi ukiisha kuzoea *dh*, mtunzi yule yule akilighani shairi lake huvunja kina alichokitimiza ujanani.

Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na ni haki mwandishi apimwe kwa tahajia yake. Lakini kosa la tahajia si kosa la sikio. Mhakiki achanganyaye mawili hayo humnyima mshairi wa bara sifa iliyo yake: kwamba alisikia vema, kwa sikio alilokuwa nalo wakati ule.